Nyufa za Nyumba ya Chini

Nyumba aliyokuwa akiisikiliza Sekela asubuhi ile ilikuwa ya mke na mume, na haikuwa na kelele hata kidogo. Mume alipiga mswaki. Mke akafunga mlango wa kabati. Mume akauliza funguo ziko wapi. Mke hakujibu. Akaufunga tena mlango wa kabati, ule ule ambao tayari ulikuwa umefungwa.

Sekela alisogeza hedifoni kidogo, akamega andazi.

"Ukame huo," alisema Atuganile, msimamizi wa zamu, aliyekuwa amesimama nyuma yake na miwani imepanda kwenye paji la uso. "Maneno yamekauka humo ndani. Waandikie ukame, majirani waende wakawachangamshe."

"Jana na mimi ningesema hivyo, dada. Lakini hebu sikiliza hilo kabati. Kwenye ukame kitu kinapungua. Hapa hakuna kinachopungua, kuna kitu kinajaa."

Atuganile aliweka hedifoni kwenye sikio moja. Kabati likabamizwa kwa mara ya tatu.

"Mh! Volkano."

"Volkano."

"Basi majirani wakae mbali, hata ndizi wasimpelekee. Akishalipuka ndipo twende, na hapo atahitaji watu wa kulima naye, maana udongo utakuwa mpya."

"Na huyo mume?"

"Huyo atafute viatu vya kukimbilia."

Walicheka, na Sekela akaandika.

Hapo mwanzo Sikio lilikuwa la mlima. Lilikuwa sahani ya udongo wa kuchomwa iliyosukwa nyuzi za shaba, ukubwa wa chapati, na ilifukiwa chini ya sakafu ya kila nyumba kuanzia Tukuyu hadi kandokando ya ziwa, ili mlima ukijigeuza watu wajue mapema. Mlima ulikaa kimya. Nyumba hazikukaa kimya. Sikio, likiwa halina mlima wa kusikiliza, likajifunza nyayo, sufuria, milango na vicheko, mpaka likaanza kutoa tahadhari ambazo hakuna aliyeziomba: katika nyumba hii kuna jambo linakuja. Na kwa kuwa lilikuwa limefundishwa majanga tu, lilitumia majina liliyokuwa nayo.

Watu walilicheka, halafu wakalizoea, halafu wakaona linasaidia. Msichana aliyefiwa ghafla aliandikiwa tetemeko, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Walimkalisha nje, mahali pa wazi, wakasubiri naye mitikisiko midogo, kwa sababu ilijulikana kwamba tetemeko halipigi mara moja likaisha. Sekela mwenyewe, alipojifungua Lusajo, aliandikiwa mafuriko. Wanawake walikuja, wakapandisha juu kila kilichoweza kuharibika, yaani kuni, unga, nguo kavu na usingizi wake, wakamwacha aelee. Hakuna aliyemuuliza mbona unalia na mtoto ni mzima. Mafuriko ni mafuriko, hata yakileta kitu kizuri. Tangu siku ile aliipenda kazi hii kabla hata hajaajiriwa.

Jina moja tu hakulipenda: maporomoko.

"Nina nyumba nyingine hapa," alisema Atuganile, akishusha miwani. "Sikio limeshatoa jina lenyewe, linataka mtu wa kuthibitisha. Maporomoko. Mwana wa mwenye nyumba anaomba Kingo."

Sekela aliitazama ramani kwenye kioo. Aliujua ule mparachichi. Aliujua ule mteremko. Nyumba ya juu ilikuwa yake na mumewe Ipyana. Ya chini ilikuwa ya baba mkwe.

"Dada, hapa ni kwangu."

"Najua."

"Haturuhusiwi kusikiliza ndugu."

"Haturuhusiwi kusikiliza damu. Wewe si damu, wewe ni mke. Na mkwe wa Kinyakyusa! Mwenzangu, hata sura ya yule mzee huijui. Katika kituo hiki chote, nani atamsikiliza bila upendeleo kama wewe?"

Atuganile alikuwa amesema kweli tupu, kama mambo yangekuwa bado yako vile yalivyokuwa.

*

Nyumba nyingi zilikuwa zimeiacha desturi ile, lakini nyumba ya baba mkwe haikuiacha. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, halitaji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Tangu aolewe, Sekela alipika katika jiko la nyumba ya chini, akamjua mzee kwa miguu na kikohozi tu. Kikohozi kilitangulia, Sekela akatoka kwa mlango wa nyuma wa jikoni, miguu ikaingia. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa na starehe yake, kama watu wawili wanaopishana kwenye njia nyembamba bila kukanyagana.

Kisha mzee akaanza kusahau. Katika vitu alivyosahau, kimoja kilikuwa kukohoa.

"Hodi humu!"

Sekela alivuta kanga kichwani, akageukia ukuta. Mwiko ulikuwa ndani ya sufuria ya uji.

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Ugonile, binti, umelalaje? Wewe binti wa nani? Jana hukuwepo."

Jana alikuwepo, na juzi, na swali lilikuwa lile lile.

"Wa hapa jirani, mzee."

"Mbona unaongea na ukuta? Ukuta umekukosea nini?"

"Naangalia uji usiungue."

"Uji uko kwenye sufuria, binti, hauko ukutani."

Sekela alicheka. Hakuweza kujizuia, hakuwahi kuweza. Kigoda kikaburuzwa, mzee akakaa. Alikuwa mwamuzi wa mpira kwa miaka mingi, na Ipyana alisema baba yake hakuwahi kutabasamu uwanjani, wala hakuwahi kusahau kwamba nyumbani nako ni uwanja. Lakini mtu huyu aliyekuwa nyuma ya mgongo wake alipuliza filimbi kwa midomo.

"Faulo! Huyu mchezaji amekula mchanga. Nimemwona."

Mtoto alipiga kelele za furaha, akatambaa kuelekea miguu ile.

"Lusajo," alisema mzee. "Njoo hapa, Lusajo."

Mwiko ukasimama ndani ya uji. Kila siku jina hilo alikuwa akiliuliza. Leo hakuliuliza. Mtu asiyekumbuka jana alikuwa ameshika neno jipya, akalala nalo, akaamka nalo.

Sekela alitamani kugeuka. Hakutamani kuvunja desturi, alitamani kujua tu: mtu anapotamka jina lililomponyoka siku nyingi, uso wake unakuwaje?

Hakugeuka. Na mzee alipoondoka, akimwaga baraka za kila aina kwa binti wa jirani, Sekela alifika kwenye jiko la pili, lile ambalo mzee aliligusa akipita, akakuta gesi inavuja bila moto. Akaifunga. Akafungua madirisha yote, akambeba mwanawe nje.

*

Kesho yake kituoni aliisikiliza nyumba ya chini kama alivyofundishwa, bila kujipa majibu kabla.

Sikio huchora utulivu wa nyumba kama mstari ulionyooka, na kila linaposikia udongo umeachia huweka ufa mwekundu. Kwenye mteremko ufa mmoja si kitu. Nyufa zikisogeleana ndipo watu huhama, kwa sababu maporomoko si kama mafuriko, hayapungui yakarudi yalikotoka. Udongo ulioshuka haupandi tena. Ndiyo maana dawa yake ilikuwa ukuta, yaani Kingo.

Ufa wa kwanza: sufuria inaungua, hakuna mtu jikoni. Kweli. Ufa wa pili: mzee anamwita Ipyana kwa jina la Asajile, marehemu kaka wa mzee. Kweli, na kuusikia kulimuuma. Ufa wa tatu ulikuwa sauti ya mwanamke anacheka.

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Ilikuwa sauti yake.

Ufa wa nne: "Shikamoo." Ufa wa tano: mtoto anapiga kelele za furaha, mzee anapuliza filimbi. Wa sita: yeye anamwambia mzee uji umeiva.

Alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Dada Atuganile. Njoo uone. Sikio linadhani kicheko changu ni ufa."

Ilibidi aeleze yote, na Atuganile alisikiliza akiwa amesimama, halafu akaketi.

"Anakusemesha? Yeye?"

"Kila asubuhi. Sikio lilifukiwa pale kabla sijaolewa, likafundishwa kikohozi, mlango wa nyuma na ukimya wetu. Likaona huo ndio uzima wa nyumba. Sasa ukimya umevunjika, linapiga kelele kwamba nyumba inaanguka."

"Basi zifute hizo nyufa za vicheko."

"Nikizifuta zinabaki za sufuria na gesi. Zinabaki za Asajile."

"Zinatosha kuwa maporomoko?"

"Hapo ndipo sijui. Niambie kwanza Kingo itamfanya nini. Usiniambie kama unavyowaambia wateja."

Atuganile alivua miwani. Kingo ilikuwa chembe ndogo kama punje ya ulezi, inawekwa nyuma ya sikio la mtu, nayo hupokea kutoka kwa Sikio kumbukumbu ya utulivu wa mwisho wa nyumba yake. Haikuponyi. Inakushikilia pale udongo ulipokuwa umetulia kwa mara ya mwisho.

"Kwake yeye ni kabla ya masika ya mwaka juzi," alisema. "Kila asubuhi ataamkia pale. Atamjua Ipyana. Atajua gesi. Yaliyokuja baadaye hayatashika."

"Lusajo alizaliwa baadaye."

"Atatambulishwa kila siku. Si vibaya sana, ukifikiri."

"Na mimi?"

"Wewe atakukwepa kwa heshima zote, kama zamani." Atuganile alimtazama. "Oh. Mdogo wangu."

"Mimi nampenda huyu aliyebaki," Sekela alisema. "Ipyana anampenda aliyeondoka. Kalamu ya kuamua ungempa nani?"

"Wewe na Ipyana mkikubaliana, Kingo inawekwa. Mmoja akikataa, haiwekwi. Mwenyewe haulizwi. Mtu aliye kwenye maporomoko haulizwi kama anataka kuvutwa."

"Sheria hiyo ilitungwa kwa mtu aliyefukiwa, dada. Huyu anakuja jikoni kwa miguu yake anaulizia uji."

*

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya migomba, Ipyana alikuwa akimwogesha Lusajo kwenye beseni nje ya nyumba ya juu. Sekela alimwambia, bila kuzungukazunguka.

Ipyana aliacha kumwagia mtoto maji.

"Baba anaongea na wewe?"

"Anaongea."

"Anasema nini?"

Sekela alitegemea hasira. Alichosikia kwenye swali lile kilikuwa njaa.

"Anatania. Aliniuliza ukuta umenikosea nini. Lusajo akila mchanga, anampa kadi ya njano."

"Baba anatania?" Ipyana alikaa chini kabisa, kwenye nyasi zenye maji. "Mimi hajawahi kunitania. Jana aliniita Asajile. Nikamwambia, baba, mimi ni Ipyana. Akaniomba radhi, Sekela. Kwa adabu, kama unavyomwomba radhi mgeni uliyemkanyaga."

"Najua. Nimesikia kwenye Sikio."

"Kwa hiyo unataka mimi nimpoteze ili wewe umpate."

Maneno hayo yalikaa pale kati yao, na Sekela hakuyasukuma. Alijiuliza kama yalikuwa kweli, akaona sehemu yake ni kweli.

"Ningependa kukwambia sivyo," alisema. "Lakini sijui hata jina la jambo lenyewe. Ingekuwa maporomoko tupu, asingeshika jina la Lusajo. Udongo ukishuka hauoti kitu njiani. Labda ni mafuriko, yanabeba hiki na kuacha tope lenye rutuba kule. Labda ni yote mawili yamekutana kwenye mteremko mmoja. Nataka aulizwe, basi."

"Aulizwe yupi? Wa leo, au wa kesho atakayekuwa amesahau wa leo alijibu nini?"

"Atakayekuwepo."

Ipyana alimtoa mtoto majini, akamfunga taulo. Alichukua muda mrefu kwenye kazi hiyo ndogo.

"Yeye anadhani wewe ni nani?"

Sekela aliinama kuokota sabuni.

"Hujamwambia."

"Nikimwambia, hatakuja tena jikoni."

"Basi mwambie kwanza," alisema Ipyana, wala hakusema kwa ukali. "Mama Lusajo, ukimuuliza jambo kubwa hivi huku anadhani wewe ni binti wa jirani, hujamuuliza. Umemchezea. Mwambie, halafu muulize. Mimi nitakuwa hapo nje. Atakachosema nitakifuata."

*

Asubuhi kulikuwa na ukungu mpaka mlangoni. Sekela aliamka akiwa na wazo la kumwacha mzee anywe uji kwanza, acheke kwanza, ili angalau apate siku moja zaidi. Alilisikiliza wazo hilo kama anavyosikiliza nyumba za watu, akajua ni la nani na linataka nini.

"Hodi humu! Lusajo yuko wapi?"

"Karibu. Shikamoo." Alikuwa ameugeukia ukuta. "Mzee, kabla hujakaa. Mimi si binti wa jirani. Mimi ni mke wa Ipyana."

Kigoda kilianza kuburuzwa, kikasimama.

Kulikuwa na pumzi tu, na baada yake miguu ikigeuka haraka, haraka kuliko alivyoisikia ikitembea siku za karibuni, kama miguu ya mtu aliyejikuta uchi barabarani. Kumbe mwili wake ulikuwa haujasahau. Miguu ikavuka kizingiti. Na hapo mlangoni, akakohoa.

Sekela alifumba macho. Basi. Imeisha.

Lakini miguu haikuendelea. Akasubiri, na alipogeuka aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu aolewe: mgongo. Sweta la bluu, shingo nyembamba, nywele nyeupe zilizohitaji kukatwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nje, amempa mgongo, anatazama ukungu. Lusajo alikuwa ameshamfikia na anang'ang'ania goti lake. Mbele kidogo, kando ya tangi la maji, Ipyana alikuwa amesimama hajui mikono yake aiweke wapi.

"Lusajo," mzee alisema, kwa sauti iliyopungua mzaha. "Mwambie mama yako aniwie radhi. Sikujua."

Kwa watu wanaokwepana kwa heshima, mtoto ni njia halali. Sekela aliisogelea njia ile kwa shukrani.

"Lusajo, mwambie babu kosa ni langu. Mwambie kuna jambo nataka kumuuliza." Akasogea mpaka kwenye kizingiti. "Mwambie anasahau. Na anajua anasahau."

"Mwambie mama yako najua. Naamka nakuta vitu vimehamishwa."

"Mwambie babu kuna ukuta unaweza kujengwa ndani yake, usahaulifu usimame. Atarudi mahali alipokuwa kabla wewe hujazaliwa, atakaa hapo. Atamjua baba yako kila siku. Hataacha gesi wazi."

"Muulize, na wewe nitakujua?"

"Hapana. Kila asubuhi atatambulishwa kwako upya, na kila jioni utamtoka akilini."

"Na bila ukuta?"

Sekela aliutazama ule mgongo. Angeweza kuisema nusu tu. "Mwambie babu sisi hatujui. Jana alishika jina lako akalala nalo. Lakini huenda akamsahau baba yako kabisa, na baadaye wewe, na huenda akajiumiza. Tutafunga gesi, tutamlinda. Asilolijua yeye, na sisi hatulijui."

Ukungu ulikuwa ukipanda polepole kutoka bondeni. Mzee alipapasa kichwa cha mtoto.

"Ipyana yuko wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Wewe ndiye Ipyana?"

"Ndiyo."

"Njoo ukae."

Ipyana alikaa kwenye ngazi. Sasa migongo ilikuwa miwili, na Sekela aliona, kwa mshangao, kwamba masikio yao yalichongoka namna moja.

"Nikikusahau utanikasirikia?"

"Nitaumia, baba." Sauti ya Ipyana ilikatika, akaianza upya. "Sitakukasirikia."

"Nilikuwa mkali kwako?"

"Kidogo."

"Kidogo?"

"Sana, baba."

Mzee alicheka. Ni kile kicheko cha jikoni, cha mtu asiye na kiwanja cha kulinda, na Ipyana aligeuka akamkodolea macho kama mtu aliyesikia muziki kutoka nyumba aliyodhani ni tupu. Sekela hakuuona uso wa mzee, ila aliuona wa mumewe ukiutazama, na huo ukamtosha.

"Lusajo," mzee alisema hatimaye. "Mwambie mama yako wasijenge. Leo sitaki ukuta."

"Muulize babu, na kesho?"

"Kesho nitakuwa nimesahau. Mwambie aniambie tena yeye ni nani. Halafu aniulize tena."

Sekela aliiona kazi hiyo yote kwa mara moja: kila asubuhi amwambie, kila asubuhi mzee ashtuke na kumpa mgongo, kila asubuhi asubiri kuona kama atakaa au ataondoka. Hatakuwa tena binti wa jirani hata kwa dakika moja.

Lusajo, ambaye hakujua kusema neno hata moja, aligeuka kutoka kwenye goti la babu. Alimtazama mama yake kwa uzito wa mtu aliyetumwa, akabwabwaja ujumbe mrefu, wote, mpaka mwisho, kisha akanyamaza akisubiri jibu.

"Mwambie babu," alisema Sekela, "nitamwambia."